Ruhusa ya Sajini Gwabeni

Sajini Mncedisi Gwabeni alikuwa na sauti ambayo, akiitoa uwanjani, hata ng'ombe wa ng'ambo ya mto walisimama mguu sawa. Ndiyo sababu walimpa gwaride. Kila asubuhi kabla ya zamu aliwapanga askari weusi wa gereza dogo la Rietkloof, akawapitisha kushoto kulia mbele ya dirisha la mkuu wao, Kapteni Terblanche, na buti zote zikapiga chini kwa mlio mmoja kama mlango wa chuma unaofungwa. Serikali ya Kikaburu iliyowaajiri ilikuwa mbaya, hilo hakuna anayelibisha, lakini kazi ilifanywa. Askari wa leo anatembea kama mtu aliyeangusha funguo na bado anazitafuta.

Mwaka huo wa tisini, wakati wakubwa wa siasa walipoanza kutoka vifungoni na kila mtu akadhani kesho yake ni sikukuu, Gwabeni hakutaka siasa wala cheo. Alitaka ruhusa ya siku mbili.

Mwanawe wa kwanza, Phakamile, alikuwa porini jandoni, huko kwao Mtyolo. Angetoka Jumamosi ya kabla ya Krismasi. Siku hiyo vijana huteremka mtoni mbio kuoga waondoe udongo mweupe waliopakwa porini, kibanda chao huchomwa moto na kila kilichomo, nao hupanda nyumbani bila kugeuka nyuma, wamejifunika blanketi mpya, mpaka zizini walikoketi wanaume wa kuwapa maneno. Baba husimama humo zizini. Baba aliye hai asipokuwepo, mtoto ametolewa kama yatima, na watu watalisema hilo mpaka yeye mwenyewe apate wajukuu. Siku hizo jando lilikuwa jando. Halijawa hema la plastiki, makreti ya bia na muziki wa kukodi.

Kwa hiyo Gwabeni alikwenda kwa mkuu wake, kofia mkononi.

"Desemba ni likizo ya wazungu, Gwabeni," alisema Kapteni bila kuinua kichwa. "Nyinyi mnachukua Februari. Ndivyo ilivyo tangu nije hapa."

"Naelewa, afande. Lakini mtoto anatoka jandoni."

"Atahiriwe Februari."

"Ameshatahiriwa, afande."

"Kama ameshatahiriwa, tatizo liko wapi?"

Gwabeni akapiga saluti, akageuka, akatoka, na huko nje akalipiga teke debe tupu likaviringika mpaka mlango wa jiko. Hapo alikuwa amesimama Mpumzi, mnyapara wa wafungwa, mwizi wa kondoo aliyelizoea gereza kuliko nusu ya askari. Akalidaka lile debe kwa mguu.

"Tata Gwabeni, debe limekosa nini? Kama una lalamiko, si useme asubuhi kama sisi?"

"Nyamaza, mwizi."

"Nimenyamaza. Ila mimi huulizwa kila siku kama nina shida. Wewe nani anakuuliza?"

Na kweli. Sheria ya magereza ilikuwa wazi: kila asubuhi afisa hupita selo kwa selo, wafungwa wamesimama kando ya mikeka yao, kadi kifuani, naye huuliza, "Malalamiko na maombi?" Kila anachoambiwa hukiandika, na kila kilichoandikwa lazima kijibiwe. Gwabeni alikuwa ameliuliza swali hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alikwishaandika malalamiko juu ya uji, juu ya kunguni, juu ya mfungwa mmoja aliyekoroma kwa makusudi. Yeye hajaulizwa hata mara moja.

Jioni ile ile akajiunga na chama.

Chama kilikuwa kichanga na serikali ilikuwa haikitambui: chama cha askari polisi na askari magereza, watu ambao mpaka mwaka uliotangulia walikuwa wakiwakimbiza wenzao wenye vyama. Pale Rietkloof kilikuwa na mlezi mmoja tu, Konstebo Xolile Mabhija wa kituo cha polisi kilichotazamana na gereza, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa na mdomo usiochoka. Walikutana ukumbini kwa Wamethodisti, wakisema ni mazoezi ya kwaya. Na kwa kuwa hawakuwa watu wa kusema uongo mkavu, waliimba kwanza tenzi mbili, sauti zote nne, ndipo wakafungua mkutano.

"Komredi Bhele," alisema Mabhija, akimwita Gwabeni kwa jina la ukoo wake kama inavyopasa mtu mzima, "unaingia chama kwa sababu gani?"

"Nataka likizo ya Desemba."

"Si ukombozi?"

"Ukombozi wachukue wazungu Desemba, mimi nitauchukua Februari."

Ukumbi ukaangua kicheko mpaka mchungaji akaja kuchungulia, na lalamiko la likizo likawekwa la kwanza, juu ya kantini ya kubaguana na juu ya vyeo. Si kwa sababu lilikuwa kubwa kuliko mengine. Mwenye nalo ndiye aliyekuwa na sauti.

Siku ya kudai ilikuwa Jumatano. Zamu ilipobadilishana, askari weusi hawakwenda kwao. Walijipanga uwanjani mbele ya dirisha la Kapteni, na Mabhija alikuwa amewaagiza waruke toyi-toyi, ile ngoma ya maandamano, kama wafanyavyo wafanyakazi wa viwandani. Shida ni kwamba hawakuijua. Walikuwa wameshaiona sana, lakini kutoka upande wa pili, wakiwa na virungu. Wakainua magoti yote kwa pamoja, wakayashusha yote kwa pamoja, mistari imenyooka, vidole vya gumba vimebanwa kwenye mshono wa suruali, na Gwabeni pembeni akihesabu.

Jikoni Mpumzi alilia kwa kucheka, kajishikiza nguzoni. "Hiyo si toyi-toyi, wakubwa! Hayo ni mazishi ya rais! Legezeni viuno!"

Kapteni akatoka, uso mwekundu kama bitiruti iliyochemshwa. "Gwabeni! Hii ni nini?"

"Malalamiko, afande."

"Malalamiko ni ya wafungwa! Askari hana malalamiko. Askari ana amri. Tawanyikeni!"

Hawakutawanyika. Kapteni akarudi ndani akapiga simu polisi. Baada ya muda mfupi lango likafunguliwa, wakaingia polisi watatu kwa mwendo wa haraka, mbele yao Konstebo Mabhija, kofia imenyooka.

"Kwa mkusanyiko usio halali," alitangaza, "nawakamata nyote." Akageuka kwa wenzake wawili. "Na nyinyi mmo?"

"Tumo."

"Nanyi nawakamata." Akajigusa bega mwenyewe. "Na huyu naye." Kisha wote watatu wakaketi chini mavumbini pamoja na watuhumiwa.

Kapteni Terblanche hakuwa mtu mjinga. Alikuwa mtu wa kanuni, na mtu wa kanuni ukimvuruga hukimbilia kanuni nyingine. "Wafungieni!" aliwafokea askari weupe. "Sehemu C, wote!"

Lakini askari weupe wa Rietkloof walikuwa wa ofisini. Aliyekabidhiwa funguo alikuwa Hennie, kijana wa shambani mwenye mashavu ya mtoto, aliyeajiriwa miezi michache nyuma. Alijaribu ufunguo wa kwanza, ukakataa. Wa pili, ukakataa. Shada lote likamwanguka miguuni. Safu ya washitakiwa ilikuwa imeanza kupinda, watu wanasukumana, na Gwabeni alihisi mwili unamwasha. Kuna mambo mtu aliyelelewa kazini hawezi kuyatazama.

"Toka hapo, mtoto," alisema. Akaokota funguo, akachagua ule wa shaba bila kuangalia, akafungua. "Mguu sawa! Wawili wawili, ndani, tembea!" Wakaingia wawili wawili. Akawahesabu kwa kidole, akavuta mlango, akafunga, akautikisa mara moja kuhakikisha, akageuka kwa Kapteni na kupiga saluti. "Wote wamo, afande. Pungufu mmoja."

Kutoka ndani ikaja sauti ya Mabhija: "Bhele. Huyo pungufu ni nani?"

Gwabeni alitazama funguo mkononi. Akatazama mlango. Ndani kicheko kilianza nyuma kabisa ya selo kikaja mbele kama maji ya mfereji, mpaka watu wakawa wanapigana ngumi za mgongo.

"Jamani, nipisheni niingie," alisema Gwabeni kwa heshima yote aliyobaki nayo. Akamfundisha Hennie ufunguo ni upi, akaingia, akamsubiri afunge. "Utikise," akamwambia. "Usiache bila kuutikisa."

Asubuhi ya Alhamisi, gereza likiwa limebaki na wazungu wachache waliokuwa wakigongana vikumbo kwenye korido, kazi ya kupita selo ikamwangukia Kapteni mwenyewe. Alikuja na kitabu chake, Hennie nyuma. Alikuwa na jambo moja la kujivunia ambalo kila mtu gerezani alilijua: katika utumishi wake wote hakuwahi kuacha lalamiko la mfungwa bila jibu. Alisimama kwenye nondo za Sehemu C, akafungua mdomo, na maneno yakamtoka yenyewe kama yalivyokuwa yamemtoka maisha yake yote.

"Malalamiko na maombi?"

Alipokisikia alichosema, alikuwa ameshachelewa.

Watu walitazamana. Korido ya pili Mpumzi alisimamisha deki yake. "Ehee," alinong'ona. "Sasa semeni, wakubwa. Simameni kando ya mikeka. Kadi kifuani! Hamna kadi? Wekeni mkono."

Wakasimama, mikono vifuani. Na wakasema. Likizo, kantini, sare za mitumba, afande mweusi anayeamrishwa na kuruta mweupe, choo cha askari kisicho na mlango. Kapteni aliandika. Sheria ilimtaka aandike, naye akaandika, jasho likimdondoka kwenye karatasi, mpaka kalamu ikakauka wino akamwomba Hennie yake. Alifika kwa Gwabeni mwishoni.

"Na wewe?"

"Ombi, afande. Mwanangu anatoka jandoni Jumamosi."

Kapteni akaliandika, akafunga kitabu. Mchana wake akamwita ofisini, na safari hii alikuwa akitabasamu, jambo lililomtia Gwabeni wasiwasi.

"Mahabusu mwenye tabia njema," alisema, "anaweza kupewa ruhusa ya shughuli ya kifamilia, chini ya ulinzi. Imo kwenye kanuni. Unakwenda Jumamosi alfajiri, unarudi Jumapili jua likizama. Hennie atakupeleka."

"Asante, afande."

"Wengine wote nimewakatalia." Akaegemea kiti. "Nitawaambia mwenyewe kwamba wewe umepata. Watafurahi, nadhani."

Hapo Gwabeni akauona mtego mzima kama mtu anavyouona mto baada ya ukungu kuinuka. Mmoja anapata alichotaka, waliobaki wanakosa. Kesho yake hakuna chama tena, kuna watu wanaotazamana kwa pembe ya jicho. Akikataa, Phakamile atapanda kutoka mtoni akute zizi halina baba.

"Naomba niwaulize wenzangu kwanza, afande."

"Uwaulize? Unaomba ruhusa ya kupokea ruhusa?"

"Ndiyo, afande."

Selo ilipokea habari vibaya. Mzee Ntshinga, askari wa zamu ya lango aliyekuwa na meno machache na imani chache zaidi, alitema mate dirishani.

"Kaburu hatoi kitu bure. Umempa nini, Bhele?"

"Sijampa kitu."

"Basi atakuja kuchukua. Ukitoka hapo mlangoni hurudi. Utapewa likizo, halafu cheo, halafu utakuja kutuhesabu asubuhi na soksi mpya."

"Ntshinga, mimi nilijifungia humu mwenyewe!"

"Ulijifungia kwa kusahau!"

Hilo lilikuwa kweli, na watu wakacheka bila kutaka, na kicheko kikailegeza hewa kidogo. Mabhija akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Makomredi! Chama hiki hakijawahi kupata kitu chochote. Hiki ndicho kitu cha kwanza. Mnataka tukikatae kwa sababu amekileta Terblanche? Mimi nasema asiende kama Gwabeni. Aende kama mjumbe. Tumtume sisi! Akifika kule atoe salamu za chama, na Jumapili jua likizama awe hapa atupe taarifa. Asiporudi, Kapteni ametushinda. Akirudi, tumemshinda. Wanaokubali?"

Mikono ikainuka, mmoja mmoja, ya Ntshinga ikiwa ya mwisho na nusu tu. Nje ya nondo Mpumzi aliinua yote miwili pamoja na tambara la deki.

"Wewe huna kura!"

"Nimekaa humu kuliko nyinyi wote!"

Ikaandikwa kwamba azimio limepita bila kupingwa.

Jumamosi karandinga la gereza lilitoka na giza, Hennie akishika usukani, Gwabeni nyuma kwenye kizimba, pingu mikononi, kwa kuwa kanuni zilitaka pingu. Hennie hakuijua njia. Tangu walipoiacha lami, Gwabeni aliiongoza serikali akiwa ameibana pua kwenye waya: "Kushoto! Si hiyo, hiyo ni ya kanisa! Punguza, kuna mbuzi wa mama mmoja mkali sana!" Kila kilima walichopanda aliuliza saa, na kila alipojibiwa alihesabu kwa sauti kijana wake amefika wapi: sasa wanaamshwa, sasa wanaimbiwa.

Walipofika kilima cha mwisho juu ya Mtyolo aliona moshi. Kibanda kilikuwa kinaungua.

"Wameshakwenda mtoni! Kanyaga, Hennie, kanyaga!"

Hennie akakanyaga, na karandinga likaruka likatua katikati ya kijito, likazama matope mpaka ekseli, likatulia kama kuku anayeatamia.

"Fungua!"

"Sajini, kanuni zinasema..."

"Kanuni zinasema unilinde! Fungua unilinde kwa miguu!"

Wakakimbia. Watu wa Mtyolo wanalisimulia hilo mpaka leo, wale wachache waliobaki ambao hawajahamia mjini kuuza vocha za simu. Gwabeni mbele, tumbo lake la sajini likitangulia, mikono imeunganishwa kifuani kama mtu anayesali kwa haraka. Nyuma yake kijana wa Kizungu, kofia imemtoka, anavuta buti moja kutoka matopeni na kuacha nyingine. Wakapita nyumba ya kwanza. Mtoto akapiga ukelele. Nyumba ya tatu bibi mmoja akainuka kwenye mkeka.

"Gwabeni amekuja! Na amekuja na dereva Mzungu!"

"Dereva? Mbona anakimbia nyuma?"

"Si ndiyo adabu yenyewe!"

Habari ikawatangulia kupanda kilima. Walipofika ua wa nyumbani vigelegele vilikuwa vimeshaanza, na haikujulikana ni vya vijana au vya dereva. Kule chini, kutoka mtoni, mstari wa blanketi ulikuwa unapanda polepole, vichwa vimefunikwa, wanaume wakiimba kandokando kwa fimbo. Wamewahi. Wamewahi kwa urefu wa shamba moja la mahindi.

MaRadebe, mke wake, alitokea jikoni na mwiko wa makande mkononi. Alimtazama mume toka juu hadi chini.

"Bhele, hizo mikononi ni nini?"

"Pingu, mama Phakamile."

"Naziona ni pingu. Zinafanya nini nyumbani kwangu siku ya leo?"

"Ni habari ndefu. Ya chama."

"Utaingiaje zizini hivyo? Utamshikaje mtoto mkono?" Akamgeukia Hennie, ambaye alikuwa amesimama kwa buti moja akihema. "Wewe mwanangu, ufunguo unao?"

"Ndiyo, Mama."

"Unangoja nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuulizwa hivyo na MaRadebe akaanza kutafuta kanuni. Pingu zikafunguka. Gwabeni akavaa koti la baba yake mkubwa, likambana kwapani, akaingia zizini akasimama pale panaposimama baba, pembeni ya lango la miti, pumzi bado inamkimbia. Na mstari ukaingia. Alimtambua Phakamile kwa miguu, kwa kuwa uso ulikuwa umefunikwa, miguu mirefu ya ukoo wa mama yake, na alipopita mbele yake kichwa kilichoinama kikainuka upana wa unywele mmoja tu, kikamwona, kikainama tena.

Wanaume wakatoa maneno yao mmoja mmoja, na kila mmoja akaweka fimbo au zawadi yake chini. Zamu ya Gwabeni ilipofika alijikuta hana kitu. Maneno aliyokuwa ameyaandaa tangu mwezi wa sita yalihusu utii: kutii wakubwa, kutii kazi, kunyoosha mgongo. Alikuwa ameyakariri kama gwaride. Sasa aliyaacha yote.

"Mwanangu," alisema, na kwa kuwa hakujua kusema kwa sauti ndogo, ng'ombe wakageuza vichwa. "Sasa wewe ni mwanamume, na baba yako ni mahabusu."

Wanaume wakasogea karibu wasikie.

"Nimeletwa hapa na watu waliofungwa. Wamenipigia kura. Hata mwizi mmoja wa kondoo alinipigia, japo kura yake haikuhesabiwa. Nimekaa kazini miaka yote nikimeza shida yangu peke yangu, nikadhani huo ndio uanaume. Si huo. Ukiwa na shida, tafuta wenye shida kama yako, msimame mstari mmoja, mseme. Mkifungwa, mfungwe wote. Ukitumwa, rudi. Basi, hayo tu. Na wenzangu wanakusalimu."

Mzee mmoja aliuliza jirani yake, "Amesema mwizi wa kondoo?" Mwingine akaanza kucheka ndani ya ndevu, na kicheko kikazunguka zizi zima, na wimbo ukaangushwa juu yake, na shughuli ikafunguka.

Nani atayaeleza yaliyofuata? Ng'ombe alichinjwa. Pombe ya mtama ilitoka kwa mapipa, yenye povu, ile inayonywewa kwa kupokezana chombo kimoja mkiwa mmepiga goti, si hii ya chupa ambayo kila mtu anaibana kifuani kana kwamba ataibiwa. Hennie alipewa chombo. Akatazama kushoto na kulia, akaona hakuna afisa, akanywa. MaRadebe alikuwa ameifua suruali yake yenye matope akamfunga blanketi, na alasiri ilipofika yule Mlinzi wa Serikali alikuwa katikati ya wanawake akicheza kwa buti moja, anarusha bega wakati wao wanarusha mguu, mguu wakati wao wanarusha bega, na mabibi wanampaka udongo mwekundu mashavuni wakimwita mkwe.

"Huyu dereva wako," shemeji mtu alimwambia Gwabeni, "unamlipa?"

"Ananilinda."

"Anakulinda na nini?"

Gwabeni alifikiri. "Nisitoroke."

Shemeji alilala chini kwa kicheko.

Jumapili mchana Hennie hakuamka. Alikuwa chini ya mkokoteni wa shemeji, anakoroma, funguo zote kiunoni. Vijana walikuwa wameshalivuta karandinga kutoka kijitoni kwa maksai. Wazee wakamwita Gwabeni kando.

"Baki," walimwambia. "Nani atakuja kukutafuta? Huyo anayekoroma? Kaa, mwanao bado ana siku za kutembelewa na watu. Mvua imenyesha, lima."

Haikuwa ushauri mbaya. Shamba lilikuwa pale, mke yuko pale, na Phakamile, kajipaka udongo mwekundu mpaka shingoni, koti jipya, anazungumza polepole kama wanavyotakiwa wanaume wapya, alikuwa akipita na fimbo yake akimtazama baba bila kuuliza kitu. Gwabeni alimtazama sana. Halafu akamwambia, "Shika miguu ya huyu Mzungu."

Wakamwinua Hennie pamoja, baba na mwana, wakamchomoa ufunguo wa gari kiunoni, wakamlaza nyuma kwenye kizimba juu ya godoro la nyasi, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafasi ya kulala. Mlango wa kizimba ulijifunga wenyewe, kama ulivyotengenezwa. Gwabeni akautikisa. MaRadebe akapandisha ndoo ya nyama iliyofunikwa kitambaa. "Ya wenzako. Na yule mwizi naye apate." Gwabeni akavaa kofia ya Hennie kwa sababu ya jua, akawasha gari, akaondoka.

Alifika Rietkloof jua limeegemea mlima. Kwenye lango alikuwapo koplo mweupe wa ofisini, aliyetoka kibandani na tochi asiyoihitaji. Alimtazama dereva. Akazunguka nyuma, akachungulia kizimbani, akaona mtu aliyefungwa blanketi, uso mwekundu wa udongo, buti moja, anaimba usingizini wimbo wa jando kwa lafudhi ya Kikaburu. Akarudi mbele polepole.

"Nani kati yenu ni mfungwa?"

"Mimi, afande. Mlinzi yuko nyuma. Nimemrudisha salama."

Kapteni aliitwa. Alitoka na kitambaa cha chakula bado shingoni. Mchana wote alikuwa akipita Sehemu C akiwaambia kwa upole kwamba mwenzao amekula likizo yake na hatarudi, na Ntshinga alikuwa ameanza kusema, "Si niliwaambia." Sasa madirisha yote ya Sehemu C yalikuwa yamejaa nyuso.

"Umerudi," alisema Kapteni. Ilionekana anataka kuuliza zaidi, lakini hakuna kanuni iliyomwonyesha swali lenyewe.

"Nilitumwa, afande. Wanangoja taarifa."

Waliachiliwa wiki iliyofuata, na malalamiko yale, kwa kuwa yaliandikwa kwa mkono wa Kapteni mwenyewe, yalipanda mpaka makao makuu, na Desemba ya mwaka uliofuata likizo iligawanywa kwa kura. Chama sasa kina ghorofa, mazulia na viongozi wenye magari yenye vioo vyeusi. Ukitaka kuwaona unaandikisha jina lako mapokezi kwa binti anayetafuna ubani. Hakuna anayeimba tenzi kwanza. Lakini jioni ile chama kizima kilikuwa kimekaa sakafuni Sehemu C kuizunguka ndoo moja ya nyama, mikono imeloa mafuta mpaka kwenye kiwiko, Ntshinga akiwa amepewa pande la nyama laini kwa heshima ya meno yake, na Mpumzi amepenyeza mkono wote kwenye nondo.

Mabhija alipanda juu ya ndoo yake ya zamani. "Makomredi, tulieni! Mjumbe atoe taarifa. Kwa utaratibu!"

Gwabeni akasimama, akajifuta midomo, akatoa. Alieleza moshi, kijito, pingu, MaRadebe. Alipofika kwenye buti moja ikabidi asimame watu wapumue. Alipofika zizini, Ntshinga akamkatiza.

"Mtoto alikuonaje?"

"Aliinua kichwa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Gwabeni akawaonyesha. Hakuna aliyecheka.

"Taarifa imepokelewa," alisema Mabhija. "Kuna swali?"

Mikono yote ikainuka, na wa Mpumzi ukiwa na mfupa.